Nukta ya Pili

1

Lusekelo alimpokea mkaguzi kwa mlango wa nyuma, katikati ya kuku na tope, akaomba radhi mara tatu kabla salamu hazijaisha.

"Mlango wa mbele upo, mama, tena mzuri tu," alisema huku akitazama chini. "Ila sebuleni yupo baba mkwe. Siwezi kupita."

Atuganile Mwakalobo alifungua faili chini ya mwavuli. Alikuwa mkaguzi wa Ofisi ya Mawimbi kwa miaka ishirini na minane, na alikwisha kupokelewa kwa maneno ya kila namna, lakini faili lilisema wazi kwamba mzee wa nyumba hii alizikwa mwaka juzi.

"Mzee Mwamasika si alifariki?"

"Alifariki, mama. Nililia mwenyewe mpaka sauti ikanikauka." Lusekelo alifuta mikono kwenye khanga. "Lakini yupo. Kibuyu kinamhesabu."

Hakunong'ona wala hakutetemeka. Alisema kama mtu anayekueleza kwamba mvua inanyesha, na kweli ilikuwa inanyesha, ile mvua nyembamba ya milima ya Rungwe ambayo haina nguvu na haina haraka ya kuondoka.

Katika ukoo huu mke wa mtoto haonani na baba mkwe. Akisikia kikohozi chake hubadili njia, na akimkuta ukumbini hurudi alikotoka. Majirani wengi walikwisha kuliacha jambo hilo, lakini Mzee Mwamasika alikuwa mtu wa zamani, na Lusekelo alilishika kwa heshima miaka kumi na mmoja, akizunguka nyuma ya nyumba kila siku ya Mungu. Mzee alipozikwa, alilia kwa uchungu wa kweli, kisha akaanza kuingia sebuleni. Alikaa na mama mkwe wake wakichambua maharage na kuwasengenya majirani. Alikuja kugundua kwamba yule bibi ana vichekesho. Miezi mitatu ikapita hivyo. Halafu siku moja bibi akamwita dirishani, akamwonyesha nukta mbili za kijani kwenye kibuyu, na bibi chumbani alikuwa peke yake.

Tangu siku hiyo Lusekelo hakukanyaga tena sebuleni. Chakula alikipitisha dirishani.

"Ndiyo maana sikujua," alisema. "Mimi ndiye ninayemtunza bibi, mama. Sikuliona jicho lake mpaka alipoanza kupapasa sahani pembeni. Muuguzi wa zahanati alikuja, akamwangalia, akatoka nje akaniambia hili si jicho la uzee. Limepikwa."

2

Bibi Subilaga alikuwa ameketi kitandani, mgongo wima, kitambaa cheupe kichwani. Kitanda kilikuwa kimeletwa sebuleni na kubanwa kando ya kiti cha mbao chenye mto wa sufu. Juu ya egemeo la kiti kulikuwa na koti la kiume, limekunjwa vizuri.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Pole na mvua. Msalimie na mzee."

Atuganile aligeukia kiti. Alikuwa mtu wa vipimo na fomu, mwenye kichwa kigumu kwa ushuhuda wa wote waliowahi kufanya naye kazi, na akajisikia akisema, "Shikamoo, mzee." Hakuna aliyeitika, bila shaka. Hata hivyo alingoja kidogo, kwa adabu.

Kibuyu kilining'inia kwenye pembe chini ya dari, tumbo duara na shingo nyembamba. Jina lake la kiofisi lilikuwa na herufi na tarakimu kumi na moja ambazo hakuna mtu nje ya maabara aliyewahi kuzitamka. Kilileta mtandao na kilileta umeme, vyote kwa njia ya hewa. Taa, redio, simu, hata pasi ya Lusekelo kule jikoni, kila kitu kilikula kutoka humo, na katika vilima hivi hakuna aliyevuta waya kwa miaka ishirini.

Tumboni mwake ziliwaka nukta tatu.

Atuganile alizitazama kwa muda. Mwili wa mtu ni maji yanayopumua. Kibuyu hutuma mawimbi, husikiliza yanavyorudi, na panapopumua huhesabu mtu na kuwasha nukta moja. Kikishajua watu walipo, huupindisha umeme upite kando yao. Usalama wote wa vibuyu umesimama juu ya nukta hizo. Hapa walikuwa watu wawili hai na nukta tatu, na mtu yeyote angesema hamna hatari, maana kumhesabu mtu asiyekuwepo si kosa kubwa kama kumsahau aliyepo.

"Bibi, naomba ujilaze kama unavyolala siku zote."

Bibi Subilaga alijilaza, uso ukielekea kitini, mkono mmoja ukiwa juu ya mguu wa kiti. Akatulia. Pumzi yake ilikuwa nyembamba mno, hata shuka halikuinuka.

Nukta moja ikazimika. Zikabaki mbili.

Atuganile alijihesabu mwenyewe, akakihesabu kiti. Akarudia, kwa kuwa hakutaka kuamini. Bibi hakuwemo. Pumzi yake hafifu ilikuwa imemezwa na pumzi yenye nguvu iliyokuwa karibu naye, na kibuyu kiliona kitini pana mtu na kitandani pana blanketi. Alichomoa kipimo mkobani, akakipitisha juu ya kiti. Kimya. Akakipitisha juu ya mto, mahali lilipokuwa jicho la kushoto la bibi, na kipimo kikapiga kelele. Umeme wote wa pasi ya jikoni, uliokuwa ukimpisha marehemu kwa heshima, ulikuwa unapita hapo, mara nne ya kiwango kinachoruhusiwa.

"Inuka, bibi. Inuka tafadhali."

"Kuna nini?"

"Hamna kitu. Inuka tu, kaa huku kwangu."

Alimshika mkono akamketisha kwenye kigoda upande wa mlango. Kisha akaunganisha kipimo na kibuyu ili aone ni kitu gani hasa kinachohesabiwa kitini. Alitegemea kuona fujo, unyevu wa mbao, labda panya. Mstari ukaanza kujichora. Ukapanda ukashuka. Ukapanda ukashuka. Ukapanda ukashuka. Mara ya nne ulipanda juu kuliko zote, ukakwama katikati, kama mtu aliyetaka kusema neno akaghairi, halafu ukashuka taratibu.

Tatu, na ya nne inakwama. Tatu, na ya nne inakwama.

Atuganile akaketi sakafuni.

"Mwe! Unaumwa, mwanangu?" Bibi aliuliza.

"Hapana, bibi. Nimechoka na safari."

3

Pumzi ile aliijua. Alilala kando yake miaka ishirini na miwili.

Ambokile, mume wake, alikuwa fundi wa maabara ya Ofisi ya Mawimbi. Ujanani alianguka kutoka kwenye mnara, akavunjika mbavu tatu, zikaunga vibaya, na tangu hapo kila pumzi ya nne ilimkwama kifuani. Alikuwa akisema ni mbavu zinazokumbuka kupanda. Alifariki miaka mitatu iliyopita, kwa homa ya mapafu, na wiki ya kwanza baada ya matanga Atuganile aliinua macho mezani kwake akaona kibuyu kinaonyesha watu wawili.

Alijua papo hapo kwamba ni hitilafu. Kama angeikuta kwa mtu mwingine, angefunga lakiri siku hiyohiyo na kuandika ripoti ya kurasa sita. Kwake hakuandika kitu. Alijiambia kwamba kibuyu kimemzoea Ambokile kwa sababu aliishi hapo, kwamba ni cha kwake peke yake, kwamba hakuna anayeumia. Jioni alivaa visikilizio akamsikiliza akipumua. Miaka mitatu alifanya hivyo, huku mchana akizunguka milimani kuwafungia watu vibuyu vyao kwa makosa madogo kuliko hilo.

Lakini Ambokile hakuwahi kufika kwa Mzee Mwamasika. Hakuwahi hata kuijua njia.

Hapo sakafuni, mvua ikigonga bati, Atuganile alikumbuka siku ya sanamu.

Kifaa kipya hakiruhusiwi sokoni mpaka kifundishwe mtu ni kitu gani. Maabara ilikuwa na sanamu la plastiki lililojaa maji ya chumvi, kifua kikipanda na kushuka kwa viriba vya mpira. Mafundi walilibatiza Bwana Chumvi, wakalivalisha hata tai. Siku ya kupima toleo la nne la vibuyu, Bwana Chumvi alipasuka kwapani, chumba kikajaa maji. Watengenezaji walikuwa wanakuja asubuhi yake kuchukua cheti. Sanamu jingine lilikuwa mbali, safari ya siku mbili. Ambokile alivua viatu akicheka.

"Na mimi si maji ya chumvi? Niweke mimi."

Aliketi saa sita katika kile chumba kisicho na mwangwi, na Atuganile upande wa pili wa kioo alichora pumzi yake. Ilipofika kwenye fomu, penye *Mwili wa rejea*, aliandika: *Sanamu Na. 4*. Ambokile alisimama nyuma yake akasema hajawahi kutukanwa hivyo na mke wake. Walicheka mpaka machozi.

Basi ndivyo alivyoingia katika kila kibuyu cha toleo la nne, kama mfano wa binadamu. Na katika kanuni kulikuwa na sentensi moja ambayo Atuganile mwenyewe alisaidia kuiandika, na aliringa nayo: *Kifaa kinapokuwa na shaka, kihesabu mtu.* Huku milimani, kwenye ukungu na mbao mbichi, vibuyu vina shaka siku nzima. Vikiwa na shaka, vinatazama ni wapi mtu amezoea kukaa, na vinamweka hapo yule mtu mmoja vinayemjua barabara.

Nyumba elfu tisa. Ambokile alikuwa ameketi katika viti vya watu, akiitwa baba, akiitwa mama, akiitwa marehemu mtoto wetu, akipumua tatu na ya nne ikikwama. Na wote waliofiwa na wapendwa wao walisogeza vitanda vyao karibu naye, mahali hasa ambapo umeme hupita.

Sheria ilimtaka akifunge kibuyu pale pale. Alitoa lakiri. Bibi Subilaga alisikia mlio wa mfuko wake, akamshika mkono wa sweta.

"Usinizimie mzee wangu. Nimemuaga mara moja, mwanangu. Ya pili siiwezi."

Atuganile alirudisha lakiri mfukoni. Hakuwahi kufanya hivyo katika maisha yake ya kazi, na hakuwa na haja ya kujidanganya kwamba ni kwa ajili ya bibi tu. Alikikokota kitanda peke yake mpaka ukuta wa pili, akitoka jasho, Lusekelo akitazama dirishani na kuomba radhi kwamba hawezi kuingia kusaidia. Akamsihi bibi asikisogeze tena. Kwenye ripoti akaandika: *Unyevu.*

4

"Unyevu," Bwana Mwasandube alisoma, akaridhika, akasaini.

Alikuwa mkuu wa ukaguzi, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi, na Atuganile alifanya naye kazi tangu wote wawili wakiwa hawana mvi. Ndiyo maana alifunga mlango na kumweleza yote. Sanamu, fomu, viti, kibuyu cha nyumbani kwake. Alisema bila kusimama, kwa kuwa alijua akisimama hataendelea.

Bwana Mwasandube alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Sahihi iliyouingiza mwili ndiyo pekee inayoweza kuutoa," alisema mwishowe. "Unajua hilo, dada. Ukinyamaza hakuna atakayejua. Ukisema, unafukuzwa, na mahakamani utafika."

"Najua."

"Tutavibadilisha vibuyu kidogokidogo. Miaka mitatu, minne. Kimyakimya."

"Na macho ya watu?"

"Tutatoa tangazo wasogeze vitanda." Alivaa miwani. "Dada Atu, usinione sina utu. Nami ninaye wangu. Mama yangu yupo pale kwangu, pembeni ya kabati. Wajukuu wakitoka shule wanamsalimia yeye kabla yangu mimi. Utakwenda kuwaambia nini watu elfu tisa? Kwamba walikuwa wanazungumza na fundi?"

Simu ya Atuganile ililia. Ilikuwa Lusekelo, na nyuma yake kuku walikuwa wanapiga kelele.

"Mama, kitanda kimerudi. Sijui amekikokota vipi na umri ule. Kimerudi palepale. Na jicho la pili linatoa machozi tangu asubuhi. Namwona kutoka dirishani, mama, nimesimama tu hapa namwona."

"Zima pasi. Zima kila kitu jikoni. Nakuja."

Alikata simu. Mkuu wake alikuwa amesikia kila neno.

"Kaka," Atuganile alisema, "wajukuu wako wanalala wapi?"

Rangi ilimtoka Bwana Mwasandube usoni.

"Mdogo anatandika mkeka pale pembeni ya kabati," alisema. "Anapapenda. Anasema bibi anamlinda."

"Nilihamisha kitanda, kaka. Umesikia mwenyewe."

Bwana Mwasandube alifungua droo polepole, akatoa fomu ya kubatilisha cheti. Hakumsukumia fomu ile. Aliiweka tu katikati ya meza.

5

Kabla ya kuijaza, Atuganile alirudi mlimani. Hakuna kanuni iliyomtaka afanye hivyo. Lakini aliona kwamba ni unyama kumwondolea mtu mwenzake wa nyumba bila kumwambia ni nani.

Lusekelo alikuwa dirishani. Bibi Subilaga alikuwa ameketi kitandani, kando ya kiti, kitambaa chenye maji baridi machoni. Nukta tatu ziliwaka Atuganile alipoingia.

"Bibi, nimekuja kukuambia jambo baya, na kosa ni langu."

Akamwambia. Alitumia maneno ya kawaida, bila masafa wala viwango. Kwamba kitini hayupo Mzee Mwamasika. Kwamba aliyeko ni picha ya pumzi ya mtu mwingine, mtu aliyekufa pia, na kibuyu hakijui kupumua kwingine ila kwake. Kwamba mtu huyo alikuwa mume wake, na yeye ndiye aliyemweka humo, kwa fomu ya uongo, siku waliyokuwa wanacheka.

Mvua ilikuwa imekatika na paa lilidondosha matone ya mwisho.

"Mume wako," bibi alisema.

"Ndiyo, bibi."

"Aliitwa nani?"

"Ambokile."

"Miaka miwili nimemwambia mambo yangu yote." Bibi aliondoa kitambaa. Jicho moja lilikuwa jeupe, la pili jekundu, na yote mawili yalielekea kitini. "Mengine ya aibu. Nilimlaumu kwa ajili ya ng'ombe aliyemuuza bila kuniambia. Nikamsamehe. Kumbe nimemsamehe mtu asiyehusika."

Atuganile hakujua kama anaruhusiwa kulia mbele ya mtu aliyemuumiza, lakini machozi hayakuomba ruhusa.

"Alikuwa mtulivu," bibi aliendelea. "Mzee wangu hakuwa mtulivu hivyo, nilidhani kifo kimemfundisha. Ndaga, mwambie. Mwambie asante, amenikalia vizuri." Akageuza uso. "Halafu mtoe, mwanangu. Si haki kumkalisha hivyo mtu aliyechoka."

Kutoka dirishani sauti ya Lusekelo iliuliza, ndogo sana, "Kwa hiyo si baba mkwe?"

"Si yeye," Atuganile alijibu. "Hajawahi kuwa yeye."

Nyayo zilizunguka nyumba. Mlango wa mbele ulifunguliwa, ukikwama kwenye tope lililojikusanya kwa kutotumika. Lusekelo alisimama kizingitini, akavua kandambili, akaingia. Alikwenda moja kwa moja kwa mama mkwe wake, akapiga magoti, akaushika uso wake kwa mikono miwili akautazama kwa karibu, jicho moja, kisha la pili, mambo ambayo alipaswa kuyafanya miezi mingi nyuma.

"Umekonda, mama," alisema. "Mama yangu, umekonda hivi, nami nipo."

"Ni mapishi yako," alisema Bibi Subilaga, akaanza kulia. "Kaa. Kaa hapo kitini, usinisimamie kama polisi."

Lusekelo aliliondoa koti, akaliweka mapajani, akaketi. Nukta, zilizokuwa zimefika nne alipoingia, zikarudi tatu.

6

Amri ya kufuta hujaribiwa kwanza katika nyumba moja. Atuganile aliandika namba ya nyumba yake.

Ilikuwa Jumapili, saa nne asubuhi, na ukungu ulikuwa umesimama dirishani. Fomu ilikuwa imekwisha kujazwa. Penye *Mwili wa rejea* alikata *Sanamu Na. 4* kwa mstari mmoja, kama kanuni inavyotaka ili maandishi ya zamani yasomeke, na juu yake akaandika jina kamili la mume wake. Barua ya kujiuzulu aliiambatisha nyuma, ili kumpunguzia Bwana Mwasandube kazi ya kumfukuza. Asubuhi hiyo mkuu alimpigia simu kusema kwamba mkeka ameuhamishia chumbani kwake na kwamba mjukuu amenuna. Hakusema zaidi, ila hakukata simu haraka.

Kipimo cha kwanza ni cha chumba kitupu. Mkaguzi huondoka, husimama kizingitini, huhakikisha ndani hamna mtu, kisha hutamka kwa sauti mbele ya kinasa: *Chumba ni kitupu.* Mashine haiendelei bila maneno hayo. Atuganile alikuwa ameyasema maelfu ya mara, katika shule na misikiti na maghala ya chai, huku akiwaza chakula cha mchana.

Alipita kando ya kiti cha Ambokile bila kukigusa. Akasimama kizingitini. Kibuyu kilitoka nukta mbili kikabaki na moja.

Alivaa visikilizio. Tatu, na ya nne ikakwama. Alisikiliza tena. Safari hii aliizuia pumzi yake mwenyewe pale ya nne ilipokwama, akangoja, ili kama kuna neno lisemwe. Ilishuka taratibu kama kawaida.

"Bibi Subilaga anakushukuru," alimwambia. "Anasema umemkalia vizuri."

Akavua visikilizio, akainua kinasa.

"Chumba ni kitupu."

*Sauti haikusikika,* kinasa kiliandika. *Rudia.*

Alikiangalia kifaa kile kwa hasira ya kweli, yeye aliyekipa cheti. Akaushika mwimo wa mlango.

"Chumba ni kitupu," alisema, kwa sauti iliyofika mpaka kwa majirani.

Nukta ikazimika.

Hakukuwa na mlio wala upepo. Taa iliendelea kuwaka, redio jikoni iliendelea na kwaya yake. Simu ikatetemeka: jaribio limefaulu, amri iko tayari kwenda kwenye nyumba nyingine zote, bonyeza kuthibitisha. Atuganile aliwaza viti elfu tisa, na watu waliokuwa mezani Jumapili hii wakiwa wamemwandalia mtu sahani. Aliwaza mkeka wa mtoto pembeni ya kabati. Akabonyeza.

Halafu akaingia ndani. Alisimama mbele ya kiti kwa muda, akaupiga mto vumbi, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akaketi hapo. Kibuyu kikasikiliza, kikasita kidogo, kikahesabu mtu mmoja.